Apu kubwa za wavuti zinahitaji taipu, msiwakatishe tamaa vijana

Ndugu Mhariri,

Salamu kwako na kwa wote mnaoandaa ukurasa wa teknolojia. Mimi ni msomaji wenu wa muda mrefu na kazi yangu ni programu za wavuti, zile kubwa zinazoandikwa na watu wengi kwa miaka. Nimesoma makala yenu inayowaambia vijana kwamba kutangaza taipu kwenye msimbo, yaani kusema mapema kila data ni ya aina gani, ni kujichelewesha tu, eti developa mzuri data yake anaijua kichwani na akiandika majaribio ya kutosha, yaani msimbo mdogo wa kuujaribu msimbo wenyewe, basi yatosha. Naomba nafasi nijibu, manake hili jambo linanigusa na naona litawaumiza watu ambao ndo kwanza wanaanza.

Sikatai kila kitu. Ukurasa mmoja wenye fomu na kitufe, andika utakavyo, hapo hata mimi simsumbui mtu. Lakini makala haikuzungumzia ukurasa mmoja, ilizungumzia apu za wavuti kwa ujumla, na apu yenye mistari laki mbili ya msimbo, iliyopita mikononi mwa watu ishirini ambao nusu yao wameshaondoka, hiyo ni habari nyingine kabisa.

Kwa wasomaji ambao sio wa fani hii niseme kidogo. Kila kitu kilichomo kwenye programu kina umbo lake, ndo hiyo taipu, kuna namba, kuna maandishi, kuna tarehe, kuna orodha, kuna kifurushi chenye vitu kadhaa ndani kama vile mtumiaji mwenye jina na barua pepe. Ziko lugha ambazo hayo maumbo unayatangaza mapema na kompyuta inakagua msimbo wote kabla haujaanza kufanya kazi, ukipeleka maandishi panapotakiwa namba inakukatalia papo hapo. Na ziko nyingine zinakuacha tu uende, utajijua mbele ya safari. JavaScript, ambayo ndo lugha ya brauza zote, iko kundi hili la pili na ina historia yake, Brendan Eich aliitengeneza pale Netscape mwaka 1995, toleo la kwanza kwa siku 10 tu, na kazi yake ilikuwa vitu vidogo vidogo ndani ya ukurasa. Leo humohumo watu wanaandika programu nzima za barua pepe, ramani na hesabu za kampuni.

Chukua mfano mmoja mdogo. Kisanduku cha kawaida cha fomu kwenye brauza, hata mtu akiandika namba, JavaScript inapokea maandishi. Mtumiaji kaweka 2, wewe unataka kumwongezea 3, unaandika kujumlisha, unapata 23. Sio 5, ni 23. Haikupi onyo wala haisimami, inagundisha tu hivyo viwili pamoja halafu inaendelea na mambo yake. Ukija kwenye kuzidisha, 2 ileile mara 3 inakupa 6 sawasawa kabisa, manake kwenye kuzidisha inageuza maandishi kuwa namba yenyewe bila kukuuliza. Kwa hiyo ukurasa mmoja unafanya kazi vizuri na mwingine unatoa hesabu za ajabu kwa data ileile, na anayegundua ni mteja. Ukitumia TypeScript, ambayo ni JavaScript iliyoongezewa taipu, ukasema hapa jibu lazima liwe namba, mstari mwekundu unatokea kwenye kihariri chako, pale unapoandikia msimbo, kabla hata hujahifadhi faili.

Mifano ya namna hiyo ndo inayotajwa kila siku na ndo makala yenu iliyoijibu kwa kusema developa makini hawezi kukosea hapo. Sawa. Tuseme hawezi. Kwangu mimi faida kubwa ya taipu wala sio hiyo, ni kubadilisha. Programu kubwa haiandikwi ikaisha, inabadilishwa kila wiki mpaka siku inazimwa, na swali la kila siku ni lilelile, nikigusa hapa nitavunja wapi.

Angalia kitu cha kawaida kabisa. Mtumiaji kwenye mfumo wenu ana sehemu inaitwa jina, sasa wakubwa wanataka jina la kwanza na jina la ukoo vitenganishwe. Bila taipu unafanyaje? Unatafuta neno "jina" kwenye mafaili yote, linakuja jina la mtumiaji, jina la bidhaa, jina la faili, jina la mkoa, na maelezo ya pembeni yaliyoandikwa na mtu miaka minne nyuma, unafungua moja moja unasoma hiki ni kipi, ukifika la mia mbili macho yameshachoka na unaanza kubahatisha. Halafu kuna sehemu mtu alichukua kile kifurushi cha mtumiaji akakiita "x", akakipitisha fanksheni tatu, yaani vipande vitatu vya msimbo vyenye kazi zake, huko mwisho akasoma jina lake, hapo hata ukifika huwezi kujua x ni mtumiaji au ni bidhaa mpaka ufuatilie ilikotoka. Unamaliza, unapeleka laivu, kila kitu kinaonekana kizuri. Baada ya miezi mitatu mtu anafungua ripoti ya robo mwaka, ule ukurasa ambao hakuna anayeufungua katikati, na mahali pa jina pameandikwa "undefined", yaani hamna kitu, mistari yote.

Ukiwa na taipu unabadilisha sehemu moja, pale umbo la mtumiaji lilipotangazwa. Unaendesha ukaguzi. Unaletewa orodha, faili hili mstari huu, faili lile mstari ule, na yule x yumo kwenye orodha, na jina la bidhaa halimo kwa sababu halihusiki. Unarekebisha, orodha inapungua, unaendesha tena, inapungua tena, mpaka inakuwa sifuri. Nimefanya kazi hiyo kwenye msimbo ambao sehemu kubwa sikuandika mimi na wala aliyeuandika simfahamu, na nikalala vizuri. Sijui nielezeje uzito wa hilo kwa mtu ambaye hajawahi kukabidhiwa msimbo wa watu wengine.

Na hilo linaleta jambo ambalo makala haikuligusa kabisa, hofu. Watu wakiogopa kugusa msimbo hawaubadilishi, wanaongeza pembeni. Ukifungua mfumo wa namna hiyo unakuta fanksheni inaitwa pataMtumiaji, chini yake pataMtumiaji2, chini yake pataMtumiajiMpya, na zote tatu zinatumika, na kila moja inarudisha kitu tofauti kidogo na hakuna mtu ofisini mwenye ujasiri wa kufuta hata moja. Sio kwamba hao watu ni wavivu au hawajui kazi, wanajua sana, ila hawana namna ya kujua nani anaitegemea ipi. Huo ndo ucheleweshaji wenyewe mhariri! Huyo kijana aliyeokoa dakika tano kwa kutotangaza taipu, kuna wenzake watatu watapoteza siku nzima nzima hapo mbele, na hawatajua hata wamlaumu nani.

Tena tazama nani walirudi kwenye taipu. Wengi wao walianza bila hizo, wakakua, msimbo ukawazidi. Facebook ilijengwa kwa lugha ya PHP, na mwaka 2014 wakatangaza lugha yao ya Hack, ambayo ni PHP iliyoongezewa taipu, wakati huo karibu msimbo wao wote wa PHP ulikuwa umeshahamishiwa huko, na mwaka huohuo wakatoa Flow, mkaguzi wa taipu kwa ajili ya JavaScript. Dropbox, wale wa kuhifadhi mafaili mtandaoni, walikuwa na msimbo wa lugha ya Python, wakaukagua kwa mkaguzi wa taipu anayeitwa mypy mpaka kufika 2019 wakaandika kwamba wamevuka mistari milioni 4, na Guido van Rossum mwenyewe aliyeanzisha Python alikuwa pale akishiriki hiyo kazi. Stripe, wale wa malipo ya mtandaoni, wanatumia lugha ya Ruby, wakajitengenezea mkaguzi wao unaitwa Sorbet, na upande wa brauza mwaka 2022 wakahamisha mistari zaidi ya milioni 3 kutoka Flow kwenda TypeScript. Lugha zenyewe nazo zikasogea, PHP 7 ya mwaka 2015 ikakubali kutangaza namba na maandishi, Python 3.5 ya mwaka huohuo ikaweka utaratibu rasmi wa taipu. Hawa wote walikuwa na majaribio, walikuwa na madevelopa wazuri mno, na bado wakatoa pesa na muda wa watu kurudi nyuma kuweka kile ambacho makala yenu inasema hakina kazi.

TypeScript yenyewe ilitoka Oktoba 2012 huko Microsoft, akiongoza Anders Hejlsberg, yuleyule wa Turbo Pascal, Delphi na C#. Akili waliyotumia ni kwamba hawakumwambia mtu atupe JavaScript yake, msimbo wa JavaScript uliopo unauingiza humohumo kisha unaongeza taipu kidogo kidogo. Waliotangulia walijaribu njia ngumu zaidi, Google mwaka 2006 walitoa GWT ambayo unaandika Java halafu inageuzwa kuwa JavaScript, na ilifanya kazi, ila ulikuwa unaishi mbali na brauza na kutafuta kosa ilikuwa tabu. Hii ya kuongeza juu ya kilichopo ndo iliyowashika watu, na naona ni haki yake.

Sasa hoja ya majaribio. Majaribio nayapenda na naandika. Lakini jaribio linakagua kile ulichokifikiria, ulifikiria mtumiaji asiye na barua pepe, ukamwandikia jaribio, vizuri. Usichokifikiria hakina jaribio. Taipu zenyewe hazijui kama hesabu yako ya riba ni sahihi, hapo lazima majaribio, lakini umbo la data zinalikagua kila mahali, hata kwenye ule ukurasa wa ripoti ambao hakuna aliyeukumbuka. Ni kazi mbili tofauti na kuzishindanisha ni kosa. Kuna utafiti uliowasilishwa mwaka 2017 wa Gao, Bird na Barr, walichukua makosa yaliyokwisha kuingia kwenye miradi ya JavaScript ambayo msimbo wake uko wazi kwa kila mtu na baadaye yakarekebishwa, wakarudi nyuma kuongeza taipu waone kama yangenaswa, wakapata asilimia 15. Wapinzani wanaisoma hiyo kama namba ndogo. Mimi naisoma hivi, hayo ni makosa ambayo yalishapita kwa aliyeandika, yakaingia kwenye mradi kabisa, na bado asilimia 15 yangekamatwa kwa kuandika maneno machache kwenye fanksheni. Hata ingekuwa 5 ningetumia, kwa sababu ya lile suala la kubadilisha ambalo utafiti huo haukulipima.

Kitu kimoja ambacho ningependa kila kijana akijue ni hiki cha thamani tupu, yaani pale ulipotegemea kitu na kumbe hamna. Tony Hoare, mwanasayansi wa kompyuta aliyeiweka hiyo kwenye lugha mwaka 1965 alikuja kusema hadharani mwaka 2009 kwamba ni kosa lake la dola bilioni moja. Kwenye wavuti ndo usiseme, mtumiaji hajaingia, picha haijapakiwa, seva imerudisha orodha isiyo na kitu, kila mahali kuna uwezekano wa kukosa. TypeScript toleo la 2.0 la mwaka 2016 lilileta ukaguzi wa hilo, ukiuwasha, kama barua pepe inaweza kukosekana basi hukubaliwi kuitumia mpaka kwanza uulize ipo au haipo. Inaudhi siku za mwanzo, nakubali, unaona kama kompyuta inakubishia vitu unavyovijua. Halafu siku moja inakuonyesha mahali ambapo kweli inaweza kukosekana na wewe ungeapa haiwezekani.

Mapungufu yapo na sitayaficha, na hapa ndo ningetamani makala yenu ingekaa zaidi badala ya kukimbilia suala la kasi. La kwanza na kubwa, taipu za TypeScript zinafutwa msimbo ukigeuzwa kuwa JavaScript, kwenye brauza ya mtumiaji hazipo tena. Data ikija kutoka seva, wewe umeandika kwamba ni mtumiaji mwenye jina na umri, TypeScript inakuamini tu, haendi mtu kuangalia. Seva ikileta umri kama maandishi unarudi kwenye ile 23 yetu, na safari hii ni mbaya zaidi manake kihariri chote ni kijani na kila mtu ana imani. Dawa yake ni kukagua data mlangoni, pale inapoingia, kwa msimbo unaoendeshwa kweli, ziko laibrari, yaani msimbo ulioandikwa tayari na wengine, kama Zod ambazo unaandika umbo mara moja zinakupa ukaguzi na taipu kwa pamoja. Au kama seva na brauza mnaelewana kwa GraphQL, au kwa maelezo ya OpenAPI, ambazo ni njia za kuandika rasmi seva inatoa data ya umbo gani, taipu mnazizalisha kutoka huko badala ya kuziandika kwa mkono, japo hiyo nayo haikagui data inayopita. Timu ambayo haijaweka kitu mlangoni, taipu zake za data ya seva ni matumaini.

La pili ni ile "any". Ukiandika any umeiambia TypeScript isiangalie hapa, na inaenea, fanksheni ikirudisha any kila anayeitumia naye anapofuka. Nimeona mradi unajitangaza ni wa TypeScript na ukifungua ndani any zimejaa kila faili, huo ni JavaScript wenye jina jipya, na halafu watu haohao ndo wanakuja kusema taipu hazikuwasaidia. Kuna wakati inahitajika, unahamisha faili la zamani na huna muda, sawa, lakini iwe na tarehe ya kuondoka.

La tatu, namba ni namba. Mwaka 1999 chombo cha NASA kinaitwa Mars Climate Orbiter kilipotea kwenye sayari ya Mirihi kwa sababu programu moja ilitoa vipimo vya Kiingereza na nyingine ikavipokea ikidhani ni vya metriki, zote namba halali. Taipu inayosema tu "hii ni namba" isingeokoa kitu pale. Kwenye wavuti tunao ugonjwa huohuo, kiasi cha pesa kwa senti na kiasi kwa fedha nzima, sekunde na milisekunde, namba ya mteja na namba ya oda. Inabidi uvitengenezee taipu zake zenyewe ili senti zisiingie panapotakiwa fedha nzima, na TypeScript inaweza kwa ujanja kidogo, ila haikufanyii bure.

Na wapo wanaopinga ambao nawaheshimu. Mwaka 2023 David Heinemeier Hansson, mwanzilishi wa Ruby on Rails, zana ya kujengea apu za wavuti kwa Ruby, aliondoa TypeScript kwenye Turbo 8, akisema inamharibia raha ya kuandika. Turbo ni laibrari iliyoshikwa na watu wachache wanaoijua ndani nje, nadhani hapo uamuzi wake unaeleweka japo waliokuwa wanachangia wengi walilalamika. Mwaka huohuo Svelte, zana nyingine ya kujengea kurasa za wavuti, nao waliacha kuandika mafaili ya TypeScript, na watu wakalitangaza hilo kama ushahidi kwamba taipu zinakufa, kumbe Svelte walihamishia taipu zao kwenye maelezo ya pembeni ya JavaScript na ukaguzi ukabaki palepale. Ninachokubaliana na wapinzani ni kwamba kuna watu wanaandika taipu za kujionyesha, mistari 40 ya taipu kwa fanksheni ya mistari 6, hakuna anayeisoma. Hiyo ifutwe. Na kuhusu mkaguzi kuwa mzito kwenye miradi mikubwa, ni kweli, Machi 2025 Hejlsberg alitangaza kwamba wanauhamishia lugha ya Go na kwamba huko unaenda kwa kasi karibu mara 10 ya ule wa zamani.

Kwa anayefikiria mradi wake wa zamani, asiandike upya chochote. Aanze na mlangoni, data inakoingia, halafu yale mafaili yanayotumiwa na mafaili mengine mengi, halafu kila faili linaloguswa kwa kazi nyingine liondoke na taipu zake. Faili ambalo haliguswi na mtu na linafanya kazi aliache.

Mkirudia mada hii mhariri, naomba mtafuteni mtu aliyerithi msimbo wa wenzake mmuulize, aonyeshe na mafaili yenyewe. Na kwa vijana waliosoma ile makala, waambieni wanaoanza mradi mpya wahakikishe ile mipangilio mikali ya TypeScript, inaitwa strict, imewashwa tangu faili la kwanza, kwa sababu ukiiwasha mradi ukiwa na mwaka mzima unaletewa makosa mamia siku moja, na hakuna bosi atakayekupa wiki tatu za kuyasafisha wakati wateja wanasubiri vitu vipya.

Asante kwa nafasi.

Msomaji wenu, developa wa programu za wavuti